Msiba Uko Wapi

Siku ya kuanua matanga ya mume wangu watu walikula, wakaosha vyombo, wakakusanya mikeka na masufuria yao, wakaniaga mmoja mmoja, wakaondoka. Nilifunga mlango nikawa nasikia viatu vyao vikishuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, maana lifti ya jengo letu ilikufa kabla hatujahamia. Hapo ndipo msiba wangu ulipoanza. Nalisema hili bila haya, kwa sababu nimechoka kusikia jinsi sisi wahamiaji wa Johannesburg tunavyosifiwa kwa kuzikana. Ni kweli tunazikana. Juma la kwanza hukosi mtu wa kukushikia hata kikombe cha chai. Juma la pili, jamani, hayupo hata wa kukuuliza umekula nini.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Mume wangu alikuwa Mkongo wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, lakini tulikutana hapa hapa mjini, kwenye foleni ya vibali, akanitania kwamba Kiswahili changu ni cha redio. Tulipanga Berea, chumba kimoja na sebule. Sote wawili tulikula kwa kompyuta. Yeye alikuwa fundi wa kanzidata, yale maghala yanayotunza habari nyuma ya tovuti, ambayo mtumiaji hayaoni. Mimi kazi yangu ilikuwa kujaribu tovuti za watu kabla hazijafunguliwa: nabonyeza kila kitu mpaka kitu kiharibike, halafu naandika kimeharibikaje. Mume wangu alikuwa akisema nimepata kazi ya kulipwa kwa tabia niliyozaliwa nayo.

Chama chetu cha kuzikana kilikuwa cha watu wa Kiswahili: Wakongo wengi, Warundi, sisi Watanzania, na Wakenya wachache wanaopenda kuongoza. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa Bukavu, fundi cherehani huko Fordsburg, mwili mdogo, sauti kubwa. Zamani mtu akifiwa, yeye ndiye aliyempigia simu kila mwanachama, na kwa kuwa hakuweza kusema neno bila kulia, hakumaliza watu kabla sauti haijakauka. Mume wangu akamhurumia, akatengeneza tovuti. Katibu anaandika msiba kwa simu yake, na mashine inawatumia wanachama wote meseji.

Meseji yenyewe ilikuwa fupi: Kuna msiba kwa mwenzetu, tunakaa mahali fulani, karibuni. Jina la marehemu halikuwemo, wala la mfiwa. Hilo lilikuwa sharti la mama mwenyekiti, na hakuna aliyebishana naye. Kwetu kifo hakitangazwi kwenye simu. Utampa mtu habari ile akiwa ndani ya taksi, au amesimama kwenye robot anangoja taa igeuke avuke, aanguke barabarani? Mtu anaambiwa aje. Akifika anakalishwa, na akishakaa ndipo anaambiwa ni nani. Naye akiingia hafungui mdomo kuuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mfiwa haulizwi. Unaingia, unalia naye, unakaa, habari itakufikia ulipo.

Ndani ya kanzidata mume wangu aliandika kipande kidogo cha maagizo, sisi wa kazi hiyo tunakiita fanksheni, akakipa jina la Kiswahili: msiba_uko_wapi. Tovuti ikitaka kutuma meseji inaiuliza fanksheni hiyo, nayo inatazama orodha ya misiba, inachukua ule wa karibuni, inajibu anwani. Basi, mistari michache tu. Kompyuta ya kuendesha yote hayo ilikuwa kuukuu, akaiweka chini ya meza yetu ya chakula, ikanguruma pale mchana na usiku. Nililalamika sana. Nilimwambia hata mbuzi hafugwi chini ya meza. Akacheka, akasema mbuzi angekula mboga.

Huo ulikuwa mwaka 2015, mwaka wa mgao wa umeme. Kila baada ya siku mbili tatu umeme unakatika, mngurumo unazimika, tunawasha mishumaa. Umeme ukirudi, mashine inaamka yenyewe na kuendelea na kazi. Misiba ilitokea, meseji zikaenda, watu wakafika mahali pake. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Mume wangu alikufa Juni, kwenye baridi kali, kwa kifua kilichoanza kama mafua. Aliingia hospitali akitembea kwa miguu yake na kunisuta kwamba nimefunga skafu vibaya. Tulipokuwa kwenye matanga umeme ulikatika, ukarudi, na kesho yake meseji ya kuanua matanga ikatoka kwenye mashine yake mwenyewe, kutoka chini ya meza yake mwenyewe: tunakaa Berea, jengo letu, ghorofa yetu, mlango wetu. Baada ya hapo mgao ukaisha. Sijui wakubwa walifanya nini huko waliko, umeme ukatulia, na watu wakaisahau mishumaa.

Mashine nayo haikuzimika tena. Mimi sikuigusa. Kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka wakubwa wa ukoo wakae wavigawe, na wakubwa wa ukoo wake wako Uvira. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Sababu yenyewe ni kwamba nilikuwa nalala kwa kuusikiliza ule mngurumo.

Miezi ile nilikasirika kuliko nilivyolia. Nilikuwa nikitoka kazini napita kwenye spaza, duka dogo la chini, kununua mkate, napanda ngazi, nafungua mlango, naanza kuwasema wanachama wa chama mmoja mmoja kwa sauti. Huyu aliyesema "tuko pamoja." Yule aliyesema "usisite kutupigia." Nikipiga, eish, simu haipatikani. Kimya kilinitesa mpaka nikaanza kuacha redio inaongea Kizulu nisichokielewa vizuri, ili mradi kuna mtu anasema.

Bahati njema au mbaya, tangu Juni hakuna aliyefiwa kwenye chama. Kisha ikaja Jumamosi moja ya Novemba. Ilikuwa mchana, wingu la radi limeshajazana juu ya mji, nikasikia viatu vingi vikipanda ngazi. Mlango ukagongwa. Nikafungua, na mama mmoja wa chama, amejifunga kitenge kiunoni, akaniangukia shingoni akilia. Nyuma yake wengine wawili, wamebeba sukari na mkeka. Nyuma yao wanaume, kofia mikononi.

Mimi sikuwa nimepata meseji yoyote. Mfiwa hatumiwi meseji za misiba mingine mpaka mwaka wake uishe. Mume wangu alikwishaliweka hilo kwenye programu, asije mtu akatwishwa mzigo juu ya mzigo. Kwa hiyo sikujua lolote. Nilichosema moyoni ni: hatimaye. Wamenikumbuka. Wamekaa huko wakaona aibu, wakakubaliana waje pamoja.

Wakaingia. Wakasogeza viti, wakatandika mikeka, mmoja akaenda jikoni kuteka maji bila kuulizia sufuria liko wapi, maana alishalijua tangu Juni. Wao hawakuniuliza kitu, kwa sababu mfiwa haulizwi. Mimi sikuwauliza, kwa sababu mtu aliyekuja kulia nawe humwulizi amefuata nini. Tulikuwa na adabu sana siku ile.

Kati yao alikuwepo mlinzi mmoja, kijana wa Lubumbashi, amekuja na sare yake ya kazi. Wakati wa mazishi ya mume wangu alinyimwa ruhusa. Akasimama mbele ya picha ya mume wangu ukutani, akavua kofia, akalia, akakaa sakafuni. "Ndugu yangu, sikukuzika," akasema. "Unisamehe, sikukuzika." Nikakaa sakafuni pembeni yake tukalia wote. Mvua ya mawe ikaanza kupiga madirisha, hakuna aliyeweza kuondoka, wakaimba nyimbo za Kikongo na mimi nikaimba nisizozijua. Nilikuwa na furaha. Mume wangu yuko kaburini na mimi nilikuwa na furaha, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu.

Wengine walilala. Jumapili baada ya ibada wakaja wengine zaidi, hata wa kutoka Pretoria na Springs. Simu zote zilizimwa, kama ilivyo ada yetu, maana kwenye matanga hakuna anayekaa anaongea na simu. Nikawatazama wale watu nikawasamehe. Yule wa "tuko pamoja" nilimwongezea chai kwa mkono wangu.

Jumapili ileile mchana mama mwenyekiti akatokea mlangoni. Alikuwa amepanda ngazi zote kwa haraka, ameshika fremu ya mlango anahema. Akatazama mikeka, akatazama sufuria la chai, akatutazama sisi.

"Mulikuya kulilia nani hapa?" akauliza.

Aliyekuwa akimimina chai akaweka kikombe chini.

"Naongea na nyinyi! Muko munalilia nani?"

Mama wa kitenge akajibu kwa sauti ndogo, "Mama, meseji ilisema tukae hapa. Mimi nilidhani amefiwa na mama yake huko Kigoma."

"Mimi nilisikia ni kaka yake," akasema mwingine.

"Mimi nilimlilia mume wake," akasema mlinzi.

Loo! Kumbe kila mtu alikuwa amekaa sebuleni kwangu na maiti wake. Mama yangu yu hai, anapalilia mihogo, na watu walikuwa wamemlilia usiku kucha. Wakati mwingine ningecheka. Lakini mama mwenyekiti alikuwa ameanza kulia, na alipolia tuliogopa.

"Mutoto wa watu iko peke yake Fordsburg tangu jana," akasema. "Peke yake!"

Mtoto wa watu huyo alikuwa dada mmoja Mrundi, msusi, mgeni kidogo kwenye chama, aliyepanga chumba cha juu nyuma ya duka la cherehani la mama mwenyekiti. Mama yake mzazi alikuwa amefariki Bujumbura. Yeye aliishi hapa kwa karatasi za ukimbizi, na mkimbizi akirudi nchi aliyoikimbia, karatasi inakufa na mlango wa kurudi unafungwa. Kwa hiyo mama yake alizikwa kule, na yeye hakuweza kushika hata konzi ya udongo. Matanga ya Fordsburg ndiyo yaliyokuwa mazishi yake yote.

Mama mwenyekiti alitusimulia akiwa amesimama pale pale mlangoni. Msusi alikuwa ametoa kitanda chumbani, ameweka godoro chini, ameazima viti vya plastiki dukani, amebandika maji. Alikaa na mama mwenyekiti na katibu, watu watatu katika viti vya watu wengi. Kila viatu vikisikika kwenye ngazi anainuka, kumbe ni wapangaji wengine. Maji yanakauka, anaongeza. Katibu alitazama kwenye tovuti, akaona msiba umeandikwa sawasawa, Fordsburg. Akatuma meseji mara ya pili, ambayo mwenyewe aliyeituma haimfikii, na hakuna aliyekuja. Wakapiga simu, simu zimezimwa. Jumapili asubuhi yule dada akauliza, "Mama, kwani sisi Warundi tumewakosea nini?"

"Ndipo nikawasha simu yangu, nikasoma ile meseji: iko imeandika Berea," mama mwenyekiti akasema.

Watu waliinuka bila kuaga. Mlinzi alisahau kofia yake. Wa mjini walikimbilia Fordsburg wakakaa na yule dada jioni ile, lakini walikuwa wamechoka, wamekwisha kulia, na Jumatatu ni kazi. Wa mbali walikuwa wameshageuza kwao. Nauli na ruhusa ya mabosi vilikuwa vimeishia kwangu. Kilichobaki kwa yule msusi ni siku moja, Jumamosi ya kuanua matanga. Meseji ya siku hiyo ikipotea tena, mama yake atakuwa amezikwa bila mtu.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Mama mwenyekiti akaja asubuhi na suruali ya mteja ya kupindwa, akaketi kwenye kiti cha mume wangu, akachukua sindano.

"Kazi," akasema. "Ukinipelekea watu pahali pengine tena, mashine hii nitaitupa kwa dirisha."

"Ni ya mume wangu."

"Najua ni ya nani, shemeji. Ndiyo maana iko hapa bado."

Alinishauri niizime niiwashe, kama anavyofanya na televisheni yake. Nikakataa. Mtu wa kazi yangu haizimi mashine kabla hajaiona inakosea kwa macho yake, maana ukizima umefuta ushahidi, na kosa lililozimwa halijafa, limelala. Nikaiunganisha na kioo kwa mara ya kwanza tangu Juni. Nywila yake niliijua. Ilikuwa jina la mtaa niliozaliwa.

Nikaanza na orodha. Orodha ilikuwa sahihi: msiba wa karibuni, Fordsburg. Nikafungua dirisha jipya la kanzidata nikaiuliza fanksheni yenyewe, msiba uko wapi. Ikajibu Fordsburg. Nikarudi kwenye tovuti nikaiamuru iulize swali lilelile kwa fanksheni ileile. Ikajibu Berea, jengo letu, ghorofa yetu, mlango wetu.

Mama mwenyekiti aliinamia kioo. "Kumbe inajua!"

"Inajua."

"Sasa kwa nini inasema uongo?"

"Haisemi uongo, mama. Inakumbuka."

Nikafungua maandishi ya fanksheni. Maandishi ya kompyuta hayana mwandiko, yote yanafanana, lakini nilimjua kwa jinsi alivyopanga mistari, kila kitu kimeingia ndani sawasawa kama mashati yake kabatini. Nilisoma mstari baada ya mstari sikuona kosa. Kosa lilikuwa neno moja la mwisho, neno la kuitangaza fanksheni kwamba ni ya namna isiyobadilika.

Nikamweleza mama mwenyekiti hivi. Ukiitangaza fanksheni kwa neno lile, umeiapia kanzidata kwamba jibu lake ni moja, leo na kesho. Kanzidata inakuamini. Tovuti inapofungua njia ya kuongea nayo, inauliza mara moja, jibu linawekwa tayari, na njia hiyo ikibaki wazi hakuna anayekwenda kutazama orodha tena. Dirisha langu lilikuwa njia mpya, ndiyo maana lilipata jibu jipya. Tovuti ilikuwa bado inatumia njia ya zamani. Mume wangu aliliweka neno lile ili mashine kuukuu isichoke kwa maswali. Wakati wa mgao halikuwa na madhara, kwa sababu umeme ulikata kila njia kila baada ya siku mbili tatu, na mashine ikiamka inauliza upya. Umeme ulipotulia, njia hazikukatwa tena.

"Na mara ya mwisho iliuliza lini?" akasema.

"Kwenye matanga yake."

Sindano ikasimama. Tangu siku ile, kila aliyeiuliza mashine ya mume wangu msiba uko wapi alijibiwa kwamba uko kwake.

Nilimkasirikia. Marehemu hakasirikiwi, najua, lakini mimi nilimkasirikia mpaka nikapiga meza. Wewe wa kunisuta skafu, wewe wa kurudi mlangoni mara mbili kuangalia kama jiko limezimwa, unaapaje kwamba msiba haubadiliki mahali? Hukujua watu wengine nao watafiwa? Mama mwenyekiti aliniacha niseme. Nilipomaliza nikakuta nalia, na hasira imegeuka jambo jingine ambalo sikutaka aone.

Maana nilikuwa nimeelewa. Nikiliacha neno lile, na umeme usipokatika, basi akifa nani na nani katika mji huu, watapanda ngazi zangu. Watakuja na sukari na mikeka, hawataniuliza kitu, wataimba mbele ya picha yake. Kidole changu kilikuwa juu ya neno, na nililitaka lile jibu la zamani kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule. Niliiuliza tovuti tena, msiba uko wapi. Berea. Nikauliza tena. Berea. Mume wangu bado alikuwa marehemu wa karibuni, bado tulikuwa kwenye matanga, bado hakuna aliyeniaga.

"Maji yake yalikauka, akaongeza," mama mwenyekiti akasema, kana kwamba anaongea na ile suruali.

Nikalibadilisha neno. Fanksheni ilipoandikwa upya, kanzidata ikatupa majibu yote iliyokuwa imeyaweka. Nikaiuliza tovuti. Fordsburg.

Mama mwenyekiti akapiga makofi. Nikamwambia bado. Jibu lilikuwa limebadilika kwa sababu tumeigusa fanksheni; hatujui kama litabadilika msiba mwingine ukiandikwa bila kuguswa kitu. Tusipojaribu, msiba utakaofuata watu wote wataenda kumlilia msusi wetu bure.

"Tujaribu basi."

"Tunahitaji msiba mwingine. Wa uongo. Niandike jina lolote, nitazame jibu, halafu nilifute."

Akaweka suruali chini. "Jina lolote? Utaandika mutu muzima kwa orodha ya wafu mbele yangu?"

"Jina la kubuni, mama."

"Kila jina liko na mwenyewe pahali fulani. Hapana. Hapana!"

Nje mchuuzi alikuwa anapigia kelele nyanya zake. Mimi kazini naandika watu wa uongo kutwa, nawaua, nawafufua, nawafuta. Lakini hapa niliona mkono wangu nao haukubali. Kisha nikasema kitu nilichokuwa nakijua tangu mwanzo.

"Yupo mmoja ambaye haimdhuru."

Akainamisha kichwa polepole, ndiyo. Akachomoa mwenyewe kwenye mashine kifaa kidogo kinachotuma meseji, akakifumbata mkononi, isije habari ikatoka ikawafikia watu.

Nikamwandika mume wangu upya. Jina lake, ukoo wake, marehemu. Mahali pa matanga: Berea, jengo letu, ghorofa yetu, mlango wetu. Juni aliandika katibu. Safari hii niliandika mimi, herufi kwa herufi, na kila herufi niliiona. Nikaiuliza tovuti bila kugusa kitu kingine. Msiba uko wapi? Ikajibu Berea. Jibu lilikuwa sahihi.

Sasa ilibaki kumfuta, nione kama itamwachia. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Zote huuliza hivyo, nimebonyeza ndiyo maelfu ya mara kazini kwangu bila kusoma. Mara hii nilisoma. Nikabonyeza. Nikaiuliza tovuti msiba uko wapi, nayo bila kusita ikasema Fordsburg.

"Imepona," nikasema.

"Pole, shemeji," mama mwenyekiti akasema. Ndiyo mara ya kwanza tangu Juni pole ya mtu ilinifika.

Jumamosi meseji ikaenda, na watu wakaenda mahali pake. Nilipofika Fordsburg, ngazi za nyuma ya duka zilikuwa zimejaa mpaka chini. Watu wa Pretoria walirudi, wa Springs walirudi, mlinzi alisimama kwenye kona akiwaelekeza wageni, kofia yake nimemletea. Walilia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa aibu. Nikamsogelea yule msusi kwenye godoro. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, kichwa amefunga kanga nyeusi, mikono yake bado ina harufu ya mafuta ya nywele.

"Dada," akaniambia chinichini, "ile wikendi ya kwanza, watu wangu walikuja kwako?"

"Walikuja."

"Walilia?"

"Walilia sana. Mpaka asubuhi."

Akavuta pumzi. "Basi mama yangu alililiwa," akasema.

Sikumwambia walimlilia nani. Nilimshika mkono nikakaa.

Jioni watu wakala, wakaosha vyombo. Wakaanza kukunja mikeka na kutafuta vifuniko vya masufuria yao, nikamwona anawafuata kwa macho, kila mmoja mpaka mlangoni. Tuko pamoja, wakamwambia. Usisite kutupigia. Mama mwenyekiti alishuka wa mwisho, anajikaza. Viatu vikaenda vikipungua kwenye ngazi mpaka chini kukawa kimya. Yule dada akafunga mlango, akageuka akanikuta bado nimekaa kwenye godoro.

"Dada," akasema, "wewe huendi?"

"Njoo ukae," nikamwambia. "Umekula nini leo?"